Wazazi turuhusiwe kukagua mabweni

Mhariri,

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi tunakabidhiwa orodha ya mahitaji: godoro, ndoo, sanduku, kufuli, sabuni, na hata idadi ya soksi. Naomba muhula huu nasi tuikabidhi shule orodha yetu. Bweni atakalolala mtoto wangu lina milango mingapi? Madirisha yake yana vyuma? Na usiku mlango ukishafungwa, ufunguo unalala na nani?

Mimi ni mkazi wa Machakos, na huku kwetu ukitaja Kyanguli hakuna mtu mzima atakayekuuliza unazungumzia nini. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule hiyo. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla ya hapo, Machi 1998, zaidi ya wasichana 20 walikuwa wamekufa vivyo hivyo katika shule ya Bombolulu kule Kwale: milango imefungwa, vyuma madirishani. Taifa zima lililia, kisha likaendelea kujenga mabweni yale yale.

Wala si kwamba hatuna kanuni. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unaeleza mambo haya waziwazi. Bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje, na kamwe isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2, na ujia upate angalau mita 2. Ungekuwa unafuatwa, nisingeandika barua hii. Septemba 2024 moto ulizuka usiku katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, katika bweni lililokuwa na wavulana zaidi ya 150. Wavulana 21 walifariki. Walikuwa watoto wa shule ya msingi.

Nataka nieleze nilichokiona mwenyewe katika shule moja siku ya wazazi. Baada ya hotuba nilimwomba mwanangu anionyeshe anapolala. Vitanda vya ghorofa vilikuwa vimesongamana kiasi kwamba tulipita kimbavu. Vyuma vya madirishani havikuwa vya kufungulia. Vilikuwa vimechomelewa kwenye fremu. Mlango wa nyuma, ule ambao ungekuwa wa kukimbilia, ulikuwa na kufuli kubwa lililoshika kutu, na mbele yake masanduku yamepangwa hadi kifuani pangu. Nilimuuliza mwanangu ufunguo uko wapi. Akasema ni wa matroni. Matroni analala wapi? Karibu na jikoni, ng'ambo ya uwanja.

Nilipomfuata mwalimu aliyehusika, alinijibu kwa upole kabisa kwamba bila vyuma wavulana huruka usiku kwenda mitaani, na wezi huingia kuiba magodoro. Sina shaka hayo hutokea. Lakini mtoro atarudishwa na godoro litanunuliwa jingine. Shule inayoogopa watoro na iajiri walinzi wa kutosha, iweke taa nje na ihakikishe mwalimu wa zamu anazunguka kweli. Kumfungia mtoto ndani ya chumba chenye magodoro ya sponji hakuwezi kuitwa ulinzi. Sponji ikishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu, na moshi hupanda juu, kwa hiyo anayelala kitanda cha juu ndiye unayemfikia kwanza, pengine akiwa usingizini.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Baada ya moto wa Endarasha, Naibu Rais wa wakati huo alitangaza kwamba watoto 70 walikuwa hawajulikani waliko. Kumbe baadhi walikuwa wamechukuliwa na wazazi wao usiku ule, na wengine walikuwa wamehifadhiwa na majirani wa shule. Hebu fikiria uchungu wa mzazi aliyesimama nje ya lango saa zote hizo asijue mwanawe yuko kundi gani. Kila bweni linahitaji daftari linaloonyesha nani analala kitanda kipi usiku wa leo, nani amekwenda nyumbani kwa ruhusa, nani yuko zahanati. Nakala moja iwekwe mbali na bweni, ofisini au kwa mlinzi wa lango, maana daftari lililoungua pamoja na bweni halimsaidii mtu. Nasi wazazi tukifika kwa pupa usiku, tusimchukue mtoto kabla jina lake halijawekewa alama. Najua ni vigumu kumwambia mzazi asubiri wakati huo, lakini mwanao akiondoka bila kuandikwa, kuna mtu ataingia ndani ya moto kumtafuta.

Nyumbani pia tuna kazi. Watoto wetu hawaruhusiwi simu shuleni, na wengi hawajui nambari ya mzazi hata mmoja kwa kichwa. Tuwafundishe mbili. Tuwaambie kwamba moshi ukijaa watambae, kwa sababu hewa nafuu iko chini, na kwamba hakuna kurudi ndani kuchukua sanduku, hata kama lina viatu vipya. Mtoto aliyesikia mama akigombeza juu ya sare iliyopotea anaweza kurudi. Mwambie kabisa kwamba hutamuuliza.

Kwa shule na bodi zake, ombi langu ni hili. Wiki ya kwanza ya kila muhula, wanafunzi wafanyishwe zoezi la kutoka bwenini usiku, taa zikiwa zimezimwa, walimu wakihesabu dakika na vichwa. Zoezi la saa nne asubuhi, watoto wakiwa wamevaa viatu na wako macho, halitoshi. Kwa Wizara, ripoti ya ukaguzi wa kila bweni ibandikwe langoni mwa shule, ikionyesha tarehe na kasoro zilizopatikana, ili mzazi aisome kabla ya kulipa karo. Novemba 2024 serikali iliamuru sehemu za bweni zifungwe katika shule 348 za msingi. Hiyo inaonyesha wakaguzi wanajua pa kutazama. Wasingoje msiba mwingine ndipo watoke ofisini.

Muhula huu nitakapompeleka mwanangu nitaingia bwenini kwanza, ndipo niende kwa mhasibu. Nikikuta vyuma bado vimechomelewa, nitaandikia bodi barua na nakala nimpelekee mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Nawaomba wazazi wenzangu wafanye hivyo hivyo. Barua ya mtu mmoja huwekwa kwenye faili, lakini za wazazi arobaini wa bweni moja zitaitisha mkutano.

Mzazi wa mwanafunzi wa bweni,
Machakos