Barua kwa Kaka Nassor: pesa za kulala

Coventry, Uingereza
9 Novemba 2025

Kaka yangu Nassor,

Shikamoo, na assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba Bi Mkubwa anaendelea vyema na lile jicho lake. Mimi huku ni mzima, alhamdulillah. Mguu ni ule ule, baridi imeshaingia, na juu ya hayo sina zaidi la kusema.

Ujumbe wako wa sauti kuhusu paa la Kikwajuni niliupata, na jibu lake utaliona mwishoni, kwa sababu kabla ya bati kuna neno moja nililolibeba tangu harusi ya mtoto wa Asha. Sikutaka kulijibu kwa simu, maana kwenye simu mimi na wewe hufika mahali tukapandishiana sauti, kisha mama ndiye anayelia. Nimeambiwa, na usimuulize Salma kwa kuwa si yeye aliyeniambia, kwamba watu walipoulalamikia mchango wangu kuwa ni mdogo, ulisema mbele ya ami Khamis na jamaa wa Malindi: “Hamadi hana shida, serikali ya Mwingereza inamlipa kwa kulala.” Watu wakacheka, na wewe ukacheka nao.

Liliniuma zaidi kwa kuwa neno hilo nalisikia huku karibu kila wiki, kwa Kiingereza, kutoka kwa watu wasiojua kwamba wananisema mimi. Usiku tatu kwa wiki hukaa katika ofisi ya teksi, mbele ya simu na skrini, nikiwapangia madereva safari, na baa zikishafungwa na simu zikipungua, wao huingia kunywa chai na kuzungumza. Tangu mwaka 2022, mfumuko wa bei ulipofika asilimia 11.1 mwezi wa Oktoba na bili za gesi na umeme zikawakosesha watu usingizi, mazungumzo yao yana njia moja: huanza na bei ya dizeli, hupitia kodi ya nyumba, na huishia kwa jirani fulani anayeonekana akitembea vizuri hadi dukani ilhali anachukua posho ya ulemavu. Sisi chungu kikiwa kidogo humtazama anayepakua. Huku humtazama aliyepakuliwa.

Wala si watu wabaya. Ni hao hao walionichangia nauli nilipokuja kumzika baba. Ukiwauliza kama mtu mwenye ulemavu asaidiwe na serikali, wote watasema ndiyo, tena kwa moyo mmoja, lakini wataongeza: mwenye ulemavu wa kweli. Aliye kwenye kiti cha magurudumu ni wa kweli. Mwenye kifafa, mwenye maradhi ya akili, mwenye mgongo uliovunjika kwa ndani kama mimi, huyo lazima kila siku aonyeshe, na siku akionekana anacheka amejiharibia kesi. Mimi nikishakaa nyuma ya meza fimbo haionekani, basi huwamiminia chai na kunyamaza. Hiyo ni aibu yangu, na nakuandikia wewe kwa kuwa wao sijawaambia.

Ipo na nyingine kubwa zaidi. Mwezi wa Oktoba 2012, aliyekuwa Waziri wa Fedha hapa, George Osborne, alihutubia mkutano wa chama chake, akamzungumzia mfanyakazi wa zamu anayetoka nyumbani alfajiri kungali giza, akatazama mapazia ya jirani yake yaliyofungwa, jirani ambaye bado amelala akiishi kwa fedha za serikali, na akauliza haki iko wapi hapo. Kaka, mfanyakazi yule nilikuwa mimi. Wakati ule nilikuwa ghalani, naingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, na mkabala na mlango wangu aliishi bwana mmoja ambaye mapazia yake hayakufunguka kabla ya adhuhuri. Tulipozungumza juu ya hotuba ile kwenye kantini nilikuwa wa kwanza kusema kwamba waziri amesema kweli, na kwamba watu kama yule jirani ni kupe. Sikujua anaumwa nini. Sikuwahi kumwuliza jina. Leo mapazia yangu mimi ndiyo yasiyofunguka mpaka mchana, kwa kuwa maumivu hunifungulia macho usiku kucha hata siku nisizokwenda kazini, na nikilala alfajiri ndipo nimelala. Na yupo kijana wa nyumba ya tatu ambaye, akipita kwenda kazini, hulitazama dirisha langu kwa jicho ninalolijua vizuri.

Sasa nikueleze hizo pesa za kulala zinavyopatikana. Posho yenyewe kwa ufupi huitwa PIP. Ilianza mwaka 2013 kuchukua nafasi ya ile ya zamani, na haiangalii kama mtu ana kazi au hana, kwa sababu lengo lake ni kufidia gharama ambazo ulemavu humwongezea. Unajaza fomu ndefu kama khitma, kisha mtu wa kampuni iliyopewa kazi hiyo anakuhoji na kukupa pointi: unapikaje, unaogaje, unavaaje, unaendaje chooni, unaweza kutembea mita ngapi. Sehemu ni mbili, maisha ya kila siku na mwendo: ukifika pointi 8 katika sehemu moja unapata kiwango chake cha kawaida, ukifika 12 kiwango cha juu, na chini ya 8 hupati hata peni moja. Mimi mara ya kwanza nilinyimwa pande zote mbili.

Na sababu moja waliyoiandika sitaisahau. Mhoji aliniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, siku yangu inapitaje, nami nikamweleza kuwa naswali sala tano. Ripoti ilipokuja ilisema kwamba mhusika huinama na kuinuka mara tano kwa siku bila msaada. Hakuniuliza naswali vipi. Tangu nianguke ghalani mwaka 2019 sijaweka paji la uso kwenye msala, kaka. Naswali juu ya kiti cha jikoni, hata siku ya Idi.

Niruhusu basi nijisifu kidogo, maana hili ndilo jambo ninalolionea fahari kuliko yote niliyoyafanya katika nchi hii, pamoja na pasipoti yenyewe. Niliomba uamuzi uangaliwe upya, wakakataa. Nikakata rufaa bila wakili, nikasubiri zaidi ya mwaka, nikaenda mbele ya watu watatu: hakimu, daktari, na mjumbe wa tatu anayejua mambo ya ulemavu. Nilivaa lile koti la kijivu ulilolicheka. Yule daktari, mama wa makamo, aliisoma ile sentensi ya sala, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza: “Unaswali vipi, bwana?” Nikaomba ruhusa, nikakivuta kiti, nikawaonyesha rukuu na sijida za mtu aliyekaa. Wakaniambia nitoke nje. Waliponiita walinipa pointi 8 za maisha ya kila siku, mbili za kupika, mbili za kuoga, mbili za kuvaa na mbili za chooni, na pointi 10 za mwendo, pale ambapo mwanzo niliandikiwa 4. Wengi wanaofika mbele ya baraza lile hushinda, sikufichi, lakini wengi zaidi hukata tamaa kabla ya kufika, na mimi mtoto wa Kikwajuni niliyerudia darasa la saba nilifika.

Kwa viwango vya mwaka huu ni paundi 73.90 za sehemu ya kwanza na 29.20 za sehemu ya pili, yaani paundi 103.10 kwa wiki, zinazoingia kila wiki ya nne. Gari ya bure wanayoizungumzia madereva siipati. Hiyo ni ya wenye kiwango cha juu cha mwendo, na anayeichukua huiachia zote au sehemu ya paundi zake 77.05 za kila wiki. Malimbikizo ya kipindi cha rufaa waliyanilipa kwa mkupuo, na kwa kuwa hukuwahi kuuliza, nakwambia leo: ndizo pesa zilizomtoa mama mtoto wa jicho. Pesa za kulala, Nassor.

Mwaka huu nusura ziondoke. Tarehe 18 Machi serikali ya Labour, chama ambacho nimekipigia kura mara mbili, ilitangaza kuwa ili mtu apate sehemu ya maisha ya kila siku itambidi awe na pointi 4 katika shughuli moja, haitoshi kukusanya mbili mbili. Zangu zote ni mbili mbili. Sababu iliyotolewa ni kwamba idadi ya wanaoomba imepanda mno tangu wakati wa korona na hazina haiwezi kubeba, na madereva wangu wengi waliona ni sawa. Usiku wa tarehe 1 Julai nilikuwa na redio mezani wakati Bunge linapiga kura. Wabunge wa chama chenyewe waliasi, na serikali ikakiondoa kifungu kile wakati mjadala ukiendelea, ikasema kwanza PIP ifanyiwe mapitio. Kwa hiyo zangu zipo, mpaka hapo mapitio yatakapokwisha. Watakaoanza kudai nyongeza ya ugonjwa katika ruzuku nyingine, ile ya wenye kipato kidogo iitwayo Universal Credit, kuanzia Aprili mwakani, wengi wao watapata takriban nusu ya wanayopata wenzao leo, na juu ya hao sikusikia dereva yeyote akisema neno.

Lakini nilisikia walivyosema mwaka jana, serikali ilipowaondolea wastaafu wengi fedha za kupashia nyumba joto wakati wa baridi. Ofisi nzima iliwaka; hata yule mwenye kisa cha jirani alisema ni dhambi kumtia mzee baridi. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba Juni mwaka huu serikali ilitangaza kuwarudishia wengi wao. Nimelifikiria sana hili. Uzee kila mtu anautarajia, anaona anajitetea mwenyewe miaka ishirini mbele. Ulemavu hakuna anayeuhesabu kuwa utakuwa wake. Mimi sikuuhesabu.

Na wewe pia, kaka, kumbuka Aprili 2016, ilipoanza Pencheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70. Ulinipigia simu ukanisomea kama shairi: Zanzibar inawapa wazee wote bila kuuliza nani ana nini. Mama peke yake ndiye aliyenung'unika, kwamba Bi Zuwena ana wapangaji wanne na anapanga foleni hiyo hiyo, nawe ukamwambia haki ya mzee haipimwi kwa wapangaji. Maneno mazuri yale. Hukuyasema kwenye harusi.

Utaniambia Bi Zuwena ni mwananchi na mimi ni mgeni. Kodi nimekatwa miaka yote tangu nifike, na wageni wengi wenye viza hapa wameandikiwa waziwazi kwamba fedha za umma haziwahusu. Mimi zilinihusu nilipopata ukaazi wa kudumu, kabla hata ya uraia. Hayo nayo madereva hawayajui, na wengine wao baba zao walikuja kama nilivyokuja mimi.

Basi, nimeyatoa. Sina kinyongo, au ninacho kidogo, kitakwisha. Jana nilinunua muhogo kwa Mhindi wa barabara ya pili, nikaupika kwa nazi ya kopo, ukanitia hamu ya kwetu kuliko ulivyonishibisha. Vuli huko imeshaanza? Huku hunyesha manyunyu mwezi mzima bila radi hata moja, na mimi mvua isiyopiga kelele juu ya bati siihesabu kuwa ni mvua. Maryam wa mjomba anakuja Desemba. Mpe pweza mkavu, lakini amfunge vizuri, na karafuu kidogo za kuweka kwenye chai.

Kuhusu paa: milioni mbili na nusu sina. Nitatuma milioni moja mwisho wa mwezi, na nimemwelekeza Salma azipokee yeye, usichukie. Nyingine tutazungumza mwezi wa pili. Kabla ya hapo naomba uniletee picha za paa lenyewe zilizopigwa mchana, kwa nje na kwa ndani, na hesabu ya fundi iliyoandikwa kwa mkono wake, ionyeshe bati ngapi, za geji gani, na kwa nini zile za chumba cha uani, ambazo tulizibadilisha juzi juzi tu, nazo zimo.

Msalimie mama, umbusu mkono kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Hamadi