Angeitwa Shija

Doto ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka Dar. Ile sauti uliyonitumia usiku nimeisikiliza mara tatu, na mara zote nimeshindwa kuijibu kwa simu, ndiyo maana nimechukua kalamu. Unasema umeiona tena ile muvi ya The Island, ukawaza kama ipo siku wataalamu watamtengeneza upya marehemu pacha wako Kulwa kwa nywele zilizobaki kwenye kitana chake. Mwishoni ukacheka. Nakujua, ukicheka vile huwa hutanii.

Unakumbuka tulivyoiona mara ya kwanza? Kibanda umiza cha Mabatini, mabenchi ya mbao, jasho la watu, na mtafsiri aliyembatiza Ewan McGregor jina la Masanja. Wale watu wamefungiwa chini ya ardhi, wamevaa nguo nyeupe, wanaambiwa dunia ya juu imejaa sumu na anayeshinda bahati nasibu anahamishiwa kisiwani. Kumbe kisiwa hakuna. Kila mmoja wao ni nakala ya tajiri fulani, na kushinda bahati nasibu maana yake tajiri wako anahitaji ini, au anataka umbebee mimba. Yule dada alipojifungua tu wakamchoma sindano ya kufa, mtoto wakampelekea mwenye pesa. Kibanda kizima kilinyamaza, hata mtafsiri akakosa la kusema.

Lakini iliyonikaa kooni juzi, nilipoitafuta nikaiangalia peke yangu, ni sehemu nyingine. Masanja anakutana na mwenye sura yake, yule tajiri Tom Lincoln. Muuaji anakuja na bastola, wote wawili wanapayuka, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole: huyu ndiye nakala! Masanja anamvisha Tom kile kikuku cha utambulisho, risasi inampata Tom. Siku ile tulishangilia mpaka mguu wa benchi ukang'oka, mimi, wewe na Kulwa. Stelingi kapona, tunataka nini tena?

Sasa hebu fikiria. Pale ameuawa mtu, kwa hila, na hila ni ya stelingi wetu. Sawa, Tom alikuwa msaliti, aliwauza. Lakini muvi haimpi hata nusu dakika ya msiba. Saa nzima inatuhubiria kwamba nakala naye ni mtu, halafu ikifika kwenye watu wawili wa sura moja inashindwa kuwavumilia, lazima mmoja aondoke. Kana kwamba sura moja ina nafasi ya roho moja tu. Hoja hiyo ninyi wawili mmeikanusha tangu siku mliyozaliwa.

Ndiyo maana naiheshimu zaidi ile ya Schwarzenegger, The 6th Day ya mwaka 2000, ingawa nusu yake ni upuuzi. Jamaa anarudi nyumbani siku yake ya kuzaliwa, anachungulia dirishani, anajiona mwenyewe ndani na mkewe na mwanawe. Muda wote anaamini yule wa ndani ndiye feki. Baadaye anavuta chini ngozi ya jicho lake na kuikuta alama. Nakala ni yeye! Na wale wawili hawauani. Mmoja anabaki na mke, mwingine anapanda meli kwenda Argentina. Nilivyowajua watazamaji wa Mabatini, lazima walidai pesa yao irudishwe.

Zote mbili zinaruka jambo moja, nadhani kwa sababu halina mbio wala milipuko. Mtu anatoka kwenye tangi akiwa mzima, ana ndevu, anajua kupigana. Dolly, yule kondoo nakala wa Scotland, hakuja hivyo. Alizaliwa Julai 1996, mwanakondoo kama wengine, akanyonya, akakua. Walianza na mayai 277 yaliyounganishwa na seli za kiwele cha kondoo mzima, akazaliwa hai yeye peke yake. Februari 2003 wakamchoma sindano ya kufa, ana miaka sita, mapafu yameharibika. Hesabu ile ukiileta kwa binadamu, hizo mimba zingekuwa ndani ya akina nani? Na mtoto angezaliwa mgonjwa, tungemwambia nini, kwamba tulikuwa tunajaribu? Mimi sihitaji majeshi ya nakala wala tajiri mwovu ili nikatae. Hapo hapo nakataa.

Sasa la kitana. Nywele za kitana hazifai, zile seli zilikwisha kufa. Ila hata zingefaa, Doto, wewe na Kulwa ni yai moja lililogawanyika. Vinasaba vya Kulwa ndivyo hivi ulivyonavyo, unatembea navyo sokoni, unakunywa navyo chai. Wangemtengeneza kutokana na damu yako, vinasaba vingekuwa vile vile. Na asingekuja Kulwa. Angekuja mtoto mchanga, analia, hajui kuogelea, hajui kwamba tulivunja benchi. Ninyi mlikuwa vitinda mimba kwa Mama Kulwa. Mtoto anayefuata pacha kwenu Usukumani anaitwa nani? Angeitwa Shija. Na sisi sote tungekuwa tunamkodolea macho, tukisubiri aanze kucheka kama Kulwa. Mtoto wa watu angekua katikati ya hayo macho.

Unasema watu bado wanashtuka wakikuona stendi. Hilo sina dawa yake. Nami nilishtuka siku ya arobaini ulipoingia umevaa shati lake la draft, nikashindwa kukwambia.

Desemba nakuja, nimeshaomba likizo. Msalimie sana Mama Kulwa, na nakuomba habari za kondoo usimwambie. Kitana kirudishe pale kilipokuwa.

Ni mimi ndugu yako,
Juma