Salamu za Noeli kwa Wanajumuiya

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, Mzee Katekista, wanajumuiya wenzangu, akina mama wa WAWATA, vijana na watoto wetu: Heri ya Noeli na fanaka tele za Mwaka Mpya. Mwenyekiti amenitaka niandike salamu kama ilivyo ada, nami natii, ingawa safari hii kalamu imekuwa nzito.

Mwaka umetubana. Bei ya mchele pale sokoni Mgandini mnaijua, sina haja ya kuitaja nikawaharibia sikukuu. Wapo watoto watakaokuja misa ya Noeli na nguo za mwaka jana zilizoshushwa pindo, na si dhambi. Tumezika pia. Wengi wenu mlisimama nami makaburini. Mungu awalipe, mimi sina cha kuwalipa.

Binti yangu ndiye aliyesema, "Mama, utajifungia ndani mpaka lini?" Akanikatia tiketi ya meli, tupitie Pemba mpaka Unguja, kutembea tu, si msiba wala si ugonjwa. Ikaangukia Jumapili ya tatu ya Majilio, ile ya Furaha. Misa hakuna, televisheni inaonyesha sinema za ngumi, mhudumu anapita akigawa mifuko ya kutapikia. (Niliipokea, na niliitumia.) Mzee mmoja jirani yetu akauliza kibla ni upande gani, akatandika mswala wake baina ya mizigo, akasali. Hakuna aliyemshangaa. Sisi je? Wengi wetu tukishavuka mpaka wa parokia, imani tunaiacha kama funguo kwa jirani, tutaichukua tukirudi. Na sheria ya Kanisa haikutuacha hivihivi: Kanuni ya 1248 inahimiza kwamba pale isipowezekana kuhudhuria misa, mtu atenge muda wa kufaa asali, peke yake au na familia yake.

Basi nikatoa rozari ya marehemu mume wangu, tukaanza Matendo ya Utukufu. Punje moja ya tendo la nne ilikatika zamani, naye akafunga kifungo cheupe cha shati mahali pake. Kidole kilipofika pale, sauti ikaniishia. Mtu huyu alipakia marobota ya mkonge bandarini hapa Tanga mpaka mgongo ukapinda, na hakuwahi kupanda meli hata moja kama abiria. Nimekaa kiti ambacho kilipaswa kuwa chake. Binti akaendelea na Salamu Maria peke yake mpaka nikaweza kumuitikia.

Tulipokaribia Nungwi tukawaombea wale wa MV Spice Islander, iliyozama mkondo ule Septemba 2011, Waislamu kwa Wakristo. Kesho yake nikasali misa kanisa la Minara Miwili, mjini Unguja. Ni kutoka Unguja hiyo ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kwenda kuanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na hakuna kengele ya kanisa iliyokuwa ikiwangoja ng'ambo.

Ndugu zangu, tusisubiri kengele! Wewe unayelala na lori njiani, wewe unayekesha baharini na nyavu, wewe uliyeenda Dar kutafuta maisha ukasema utasali ukishatulia: utatulia lini? Noeli ya kwanza yenyewe iliwakuta Maria na Yosefu ugenini, hawana chumba, hawana kwaya, hawana jumuiya ya kuwapokea. Anayesubiri mambo yanyooke ndipo amkumbuke Mungu, atasubiri sana. Wazazi, salini na watoto mkiwa nao, hata kama ni kumi moja tu la rozari ndani ya basi, watu wakigeuka kutazama waacheni watazame.

Mtoto Yesu azaliwe katika kila nyumba, awaponye wagonjwa, awafariji wajane na yatima, atuvushe salama mwaka mpya.

Mchele wa wagonjwa ufike kwa mweka hazina kabla ya mkesha. Na aliyebaki na sufuria kubwa ya jumuiya tangu msiba wangu, airudishe tupikie pilau. Sitamuuliza kitu.