YAH: CHEMBA YENU YA STENLESI INATOA HAIDROJENI, NA FUNDI WENU ANANICHEKA

Kwa Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima ila nikiteleza mnivumilie, nimekasirika kweli. Ni kuhusu ile chemba ya vakyumu, chombo tunachonyonya hewa yote ndani yake, ya chuma cha stenlesi daraja la 316L, masharti ya oda mnayo hapo ofisini.

Fundi wenu kaja, kaangalia geji dakika mbili, kacheka mbele ya vijana wangu wote, eti "bosi, chuma hakinywi gesi, kaza nati zako." Kabla hata hajafika tulishapima uvujaji kwa heliamu, hakuna kitu! Kipima gesi kinaonyesha haidrojeni imetawala, sasa hiyo imepita kwenye nati gani?

Chuma kinakunywa jamani, na nyie ndo mnakinywesha. Haidrojeni inaingia chuma kikiwa bado kimeyeyuka, inaingia tena mkikiosha na asidi, tena mkichomelea penye unyevu. Inakaa kama atomi moja moja, imejibanza katikati ya atomi za chuma, nyingine zinanasa kwenye kasoro za fuwele zinazojenga chuma na pale fuwele zinapopakana, na kwenye stenlesi ya aina hii zinatembea polepole mno kwa joto la kawaida, zikifika juu lazima zikutane mbili mbili ndo zitoke kama gesi, kwa hiyo pampu inahangaika tu wee na presha haishuki. Kuioka kwa 150°C kama alivyonishauri kwa dharau kunafukuza zaidi maji ya juu juu, ile ya ndani inabaki. Ndo maana oda ilisema ichomwe kwenye tanuru la vakyumu, 950°C. Cheti cha tanuru kiko wapi? Nimekiomba tangu siku ya kupokea mzigo, kimya.

Halafu mtu anasimama kwenye maabara yangu anacheka, vijana wanamtazama, mmoja naye akaanza kutabasamu, "kaza nati zako"! Mimi?!

Nilitaka tu mje mwichukue mkaichome kwa gharama zenu. Sasa hapana, nataka chemba mpya yenye cheti, na barua ya kuomba radhi isomwe mbele ya hao hao vijana. Wiki ijayo ikiisha hamjajibu nadai hela yote na wakili anaendelea kutoka hapo.

Grafu za kipima gesi nimeambatanisha. Na huyo fundi msimtume tena kwangu.

Msimamizi wa maabara