Usukani wa lile gari lako la waya

Uyole, Mbeya
Juni

Mpendwa rafiki yangu Baba Upendo,

Salamu nyingi zikufikie huko Songea, wewe, shemeji na watoto. Sisi hatujambo, isipokuwa baridi ya mwezi huu, ambayo unaijua bila kuelezwa. Mama Tumaini anakusalimu, na bado anauliza waya wake wa kuanikia nguo ulikwenda wapi.

Ninakuandikia kwa sababu ya waya huohuo. Mpwa wangu amekuja likizo kutoka Dar es Salaam, nikamsimulia habari za magari yetu, na sasa hataki kusikia jambo jingine. Fremu nimeiweza, na magurudumu nimeyakata kutoka kwenye kandambili kuukuu, lakini usukani umenishinda: kila akikata kona, ekseli ya mbele inalala upande na gari linagoma kama mbuzi wa kuvutwa mnadani. Ninakumbuka kwamba mwanzi wa usukani ulifika kifuani, ili dereva atembee wima nyuma ya gari lake, na kwamba kwa chini ulipita katika vitanzi viwili kabla ya kuunganishwa na ekseli. Kisichonirudia kabisa ni namna ulivyoufunga pale mwisho.

Wengine tuliridhika na vipikapu. Wewe ulikaa kando ya barabara kuu ukiyachunguza malori yanayotoka Tunduma, kisha ukaunda Scania yenye trela iliyofuata kichwa chake kwenye kona bila kupinduka, imejaa visoda tulivyoviita shaba ya Zambia. Kaka yako, baada ya kuiona TAZARA, alitengeneza treni ya makopo ya samaki, ambayo kwa kukosa reli ilikwenda ilikotaka yenyewe. Hata hivyo nasikia mpaka leo anadai ilikuwa bora kuliko lori lako. Huo ni ubishi tu.

Dada yake mpwa wangu hana shida. Mahindi ndiyo kwanza yamevunwa, kwa hiyo ameshajipatia mwanasesere wa bunzi, akamvika kitambaa na kumbandika ndevu za mahindi kichwani. Kigari cha betri alichokuja nacho mvulana kina taa na honi, wala sikidharau, ila kilipozimika hakuna aliyejua pa kukifungulia, na nadhani hapo ndipo hadithi zangu zilipomwingia.

Sasa nieleze, ndugu yangu: ule mwanzi uliukaza kwenye ekseli, au uliuachia nafasi ya kucheza? Waya wa ekseli ulikuwa mmoja, au ulisokota miwili pamoja? Trela uliiunganisha kwa kulabu au kwa mpira wa baiskeli? Je, wanao umewahi kuwaundia gari, au fundi umestaafu? Nichoree hata kwa kalamu ya risasi, unitumie picha kabla shule hazijafunguliwa, maana kijana ameshawatangazia wenzake kwamba atarudi Dar es Salaam na lori.

Wako,
Mjomba wa Uyole