Msumeno wa kukatia pembe upimwe kabla ya kuilaumu mbao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie msumeno wa umeme wa kukatia pembe, hasa ule unaoweza kukata pembe mbili kwa mkato mmoja. Maelekezo mengi ya ufundi humfundisha msomaji namna ya kuchagua msumeno huo na namna ya kukatia, lakini huruka hatua iliyo katikati, yaani kuupima na kuurekebisha kabla haujagusa mbao ya kazi. Matokeo yake, kona zinapokataa kufunga, fundi huilaumu mbao, gundi au hata mkono wake, ilhali mara nyingi kosa limo kwenye mashine tangu ilipotolewa kwenye boksi.

Msumeno huu una miendo miwili ambayo ni lazima itofautishwe. Meza ikizungushwa kushoto au kulia, bledi hubaki wima lakini hukata upana wa mbao kwa mshazari, na hivyo ndivyo zinavyokatwa kona za fremu ya picha. Kichwa, yaani sehemu inayobeba mota na bledi, kikilazwa upande, bledi huinama na kukata unene wa mbao kwa mshazari. Miendo hiyo ikitumika pamoja ndipo tunapopata mkato wa pembe mbili, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kudhani kwamba kila kona ya mraba ni digrii 45 tu popote pale.

Chukua sanduku la pande nne ambalo mbao zake hukatwa zikiwa zimelala bapa juu ya meza ya msumeno. Kuta zake zikisimama wima kabisa, meza hubaki kwenye sifuri na kichwa hulazwa digrii 45. Kuta hizo zikianza kuinamia nje, pembe ya meza huongezeka na ya kichwa hupungua, hadi zinapolala kabisa na kuwa fremu, ambapo meza hufika 45 na kichwa hurudi sifuri. Atakayeweka 45 kote kuwili hatapata kona inayofunga kwa mwinamo wowote ule. Ndiyo sababu misumeno mingi huwekewa alama zinazoonekana za ajabu, 31.6 kwenye meza na 33.9 kwenye kichwa: hizo ni za mkanda wa pambo la dari ambao mgongo wake umeachana na ukuta kwa digrii 38, kwenye kona ya mraba. Mkanda wa digrii 45 huhitaji 35.3 kwenye meza na 30 kwenye kichwa.

Lakini namba hizo zote hazina maana ikiwa sifuri ya msumeno si sifuri ya kweli. Fremu ya pande nne ina mikato minane. Kila mkato ukipungukiwa nusu digrii tu, kila kona hupungukiwa digrii nzima, na ukizifunga kona tatu kwa nguvu, ya nne itaachia mwanya wa digrii nne. Mwanya wa namna hiyo hauzibiki kwa gundi, na kuujaza kwa unga wa mbao ni kuficha tu.

Upimaji wenyewe si mgumu. Chomoa plagi kwanza, shusha kichwa na ukifunge kikiwa chini, kisha laza skwea ya chuma, yaani kipimo cha pembe mraba chenye mikono miwili, juu ya meza, mkono wake mmoja ukiegemea kiegemeo, yaani ule ukuta wa nyuma ya meza unaoegemezewa mbao, na wa pili ukigusa bledi. Skwea iguse mwili wa bledi, isiguse meno, kwa kuwa meno huwa manene kuliko mwili na yatakupa kipimo cha uongo. Mwanga ukipenya kati ya skwea na bledi, legeza bolti za kiegemeo, kisogeze hadi mwanga upotee, kisha kaza na upime tena, kwani kukaza kwenyewe huweza kukisogeza. Baada ya hapo isimamishe skwea juu ya meza ili upime wima wa bledi. Hapa kinachorekebishwa ni skrubu ya kizuizi kinachosimamisha kichwa kinapofika wima. Fanya hivyo pia kwenye digrii 45, na mwisho kabisa ndipo usogeze mshale wa kipimo uoneshe sifuri.

Kwangu mimi, hata hivyo, hakimu wa mwisho ni mbao yenyewe. Kata ubao mpana ulionyooka, geuza kipande kimoja juu chini, kisha viegemeze vipande vyote viwili kwenye rula ndefu na uunganishe ncha zilizokatwa. Kosa lililopo litaonekana mara mbili ya ukubwa wake, kwa hiyo hata lile ambalo skwea haikulionesha litajitokeza.

Kuhusu bledi nitasema machache: yenye meno 60 hadi 80 hutoa mkato laini, na meno yainamie mbele kidogo tu au yaelekee nyuma kidogo, la sivyo bledi huivuta mbao.

Jambo moja la usalama husahaulika mno. Kabla ya kulaza kichwa, sogeza sehemu ya juu ya kiegemeo pembeni, kisha shusha bledi polepole umeme ukiwa umekatwa, uone kama inapita bila kugusa chuma. Wakati wa kukata, mikono ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye bledi, na baada ya mkato achia swichi na usubiri bledi isimame kabisa ndipo uinue kichwa.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba waandishi wa kurasa za ufundi waanze na skwea kabla ya kufika kwenye mkato wa kwanza, na wamkumbushe msomaji kurudia upimaji huo kila msumeno unaposafirishwa au kugongwa.

Wako,
Seremala na msomaji wa gazeti hili