Picha ya kambi haitoshi, tuambieni hema lisimame wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni kuhusu makala za matembezi, hasa zinazosifu sehemu za kupiga kambi zilizo mbali na njia za watalii wengi. Karibu zote huja na picha ya namna moja: hema ukingoni mwa mto, hema juu ya mgongo wa mlima jua likizama, au hema chini ya mti mmoja mkubwa katikati ya uwanda. Picha zinavutia, sibishi. Lakini hapo pote mwenye kuijua kazi hii hupiga picha, kisha akahamia pengine kulala. Kwenye kambi zilizozoeleka kuna bomba, kuna mlinzi, na kuna mtu aliyekuchagulia ardhi kabla hujafika. Ukiiacha njia kuu unaichagua mwenyewe, na hapo ndipo makala hunyamaza.

Nianze na mto, maana ndio wenye hatari kubwa. Mafuriko ya ghafla hayahitaji mvua juu ya kichwa chako. Mvua hunyesha kilomita nyingi kuelekea chanzo, na maji hukufikia saa kadhaa baadaye chini ya anga lenye nyota. Kwa hiyo usiutazame mto ulivyo leo, tafuta ulikofika zamani: nyasi kavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi, msitari wa takataka kwenye majani ya ukingo, magome yaliyochubuka upande wa juu wa mkondo. Hema lisimame juu zaidi ya alama ya mwisho unayoiona. Korongo kavu ndilo linalodanganya wengi, kwa sababu chini kuna mchanga laini, uliosawazika, usio na jiwe hata moja la kukuchoma mgongoni. Mchanga huo umetandazwa na maji yenyewe.

Kuna eneo jingine ambalo hata wazoefu hulipita bila kulitambua: pale kijito kinapotoka mlimani na kumwaga mawe na udongo kwenye tambarare kwa umbo la upepeo. Ardhi yake ina mteremko mdogo, haituamishi maji, na mandhari yake ni nzuri. Tarehe 7 Agosti 1996 kambi ya Las Nieves, karibu na Biescas nchini Uhispania, ilisombwa ikiwa imejengwa mahali pa namna hiyo hiyo, na watu 87 wakafa. Ile ilikuwa kambi iliyoruhusiwa na mamlaka. Ukiwa peke yako porini, ukikuta mawe ya ukubwa mchanganyiko yametapakaa mdomoni mwa bonde dogo, jua yaliletwa na maji, nawe endelea na safari. Na maji ya mto yakigeuka rangi ghafla au yakianza kubeba vijiti na majani, panda juu kwa miguu yako saa hiyo hiyo. Hema liache lilivyo.

Kilele nacho kina mambo yake. Radi hupenda kilichochomoza, na hema juu ya mgongo wa mlima ndilo lililochomoza. Hesabu sekunde kutoka mwanga hadi mngurumo: kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Zikiwa 30 au pungufu, uwe umeshashuka. Mti wa peke yake ni hatari kwa sababu hiyo hiyo, na miti mingine ina yake: tazama juu kabla ya kutazama chini, utafute matawi makavu yaliyoning'inia na miti iliyokufa ikiwa bado wima. Usiku wenye upepo ndio hushusha vitu hivyo.

Basi hema liwekwe wapi? Katikati ya mteremko, kwenye bapa linalojitokeza kama kidato cha ngazi. Sababu si mafuriko na radi tu. Hewa baridi ni nzito, hivyo usiku huteremka na kutuama bondeni kama maji kwenye karai. Aliyelala chini kabisa huamka na umande ndani ya hema na mfuko wa kulalia uliolowa, huku aliyepanda mita 20 au 30 tu akilala pakavu. Kwenye ramani ya skeli 1:50,000 mabapa hayo huonekana pale mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja, inapoachana ghafla kati ya mistari iliyobanana. Ila ramani yenye kontua za kila mita 20 haiwezi kuonyesha bapa dogo la kutosha mahema mawili, kwa hiyo weka alama mahali patatu, si mahali pamoja tu, na ufike mapema ukachague kwa macho.

Kufika mapema kuna hesabu yake. Kanuni ya Naismith ya kukadiria muda wa kutembea mlimani, ya mwaka 1892, ni saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Ni kanuni ya mtu mwenye miguu mizuri na njia nzuri. Mwenye mzigo wa kulala nje na aongeze nusu ya muda huo. Lengo ni kufika saa mbili kabla ya jua kuzama. Wengi wa wanaolala mahali pabaya walikuwa wamechelewa tu, wakatua begi pale giza lilipowakutia.

Kuhusu upepo, kosa la kawaida ni kulielekeza hema kwa upepo wa alasiri. Mlimani upepo wa mchana hupanda mteremko na wa usiku hushuka, kwa hiyo mlango uliouficha vizuri saa kumi na moja jioni huwa umeupa uso upepo ifikapo saa sita usiku. Upande mwembamba wa hema utazame mlimani, mlango uwe ubavuni. Vigingi viinamishwe, vichwa vikilalia mbali na hema. Kwenye mchanga kigingi hakishiki: funga kamba katikati ya kijiti kinene, kizike kikiwa kimelala kwenye kina cha sentimita 30, kisha ushindilie. Turubai la chini lisichomoze hata kidogo nje ya sakafu ya hema. Likichomoza hukusanya mvua na kuipeleka chini yako, halafu watu hulaumu hema.

Maji. Sehemu nyingi nzuri zilizofichika zimefichika kwa kuwa hazina maji. Mtu mmoja anahitaji lita 4 hadi 5 kwa siku za kunywa na kupikia, na lita moja ni kilo moja. Wawili kwa siku mbili ni kilo 16 au zaidi kabla hujabeba kitu kingine. Chemchemi iliyoandikwa kwenye ramani inaweza kuwa ya msimu tu, kwa hiyo ulizia kwa wenyeji wanaochunga huko kabla ya kuitegemea. Maji yachemke kwa dakika 1 nzima, na dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, kwa kuwa huko huchemka kwenye joto la chini. Yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa kwanza. Dawa ya klorini husaidia, lakini kuna vijidudu vya kuharisha, kama kriptosporidiamu, ambavyo haiviwezi. Choo ni shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, yaani kama hatua 70 ndefu. Umbali huo ndio wa hema pia, maana wanyama nao wana njia zao za kwenda kunywa.

Usiku ukiwa baridi, jiko la mkaa lisiingie hemani, hata likiwa limebaki makaa tu. Hewa yake ya sumu haina harufu na aliyelala haikohoi.

Sasa ombi langu kwa dawati lako, Mhariri. Kila makala ya namna hii iwe na kisanduku kidogo pembeni: maji ya mwisho yako wapi na hukauka miezi gani; ardhi ni ya namna gani na inatosha mahema mangapi; ni saa ngapi kwa miguu hadi barabara ya gari na hadi mahali simu inaposhika; ardhi ni ya nani na ruhusa huombwa kwa nani. Chini ya picha uandikwe mwezi iliyopigwa. Uwanda wa kijani wa mwezi mmoja ni kinamasi cha mwezi unaofuata.

La mwisho ni alama za GPS. Bapa la mahema mawili likichapishwa na alama kamili, wiki chache baadaye hupokea mahema kumi, na hakuna choo. Chapisheni mahali pa kuanzia njia na jina la eneo, msomaji aulize yaliyobaki. Mkumbusheni pia kwamba akifika alale kwenye mwamba, changarawe au mahali palipokwisha kuwa peupe. Akikuta nyasi zimeanza tu kulala kwa kukanyagwa, apite. Zikiachwa msimu mmoja au miwili mara nyingi husimama tena, ila hema moja zaidi laweza kuziua kabisa.

Wako,
Mwongozaji wa safari za miguu